Kichwa cha Atuganile

Kisa hiki nimekipata kwa shangazi, nikaona si vizuri kukaa nacho peke yangu. Kisome, kisha mpelekee mzazi mwenye kijana nyumbani.

Huko Tukuyu aliishi fundi seremala aitwaye Ambakisye, na mkewe Tusekile. Binti yao, Atuganile, alikuwa kidato cha tatu. Alipofaulu vizuri, baba yake alimnunulia simu ya kugusa ili imsaidie katika masomo.

Baada ya Pasaka binti akaanza kuumwa kichwa. Mwanzoni kilimuuma jioni tu. Baadaye akawa anaamka nacho, anajifunga kanga kichwani kwa nguvu na kwenda shule hivyo hivyo. Darasani maandishi ubaoni yalimchezea. Chakula kikamshinda. Mama yake akaogopa, maana dada yake mwenyewe alianza kwa kuumwa kichwa na hakupona.

Wakampeleka kituo cha afya. Daktari, mama mmoja mpole, akampima malaria, hakuna. Akampima damu na macho, yote salama.

"Mwanangu, unalala saa ngapi?" akauliza.

Atuganile akainamisha kichwa.

"Nimekuuliza kwa wema tu. Unashika simu mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alfajiri, daktari. Siku nyingine hadi jogoo wanawika."

Ambakisye akaruka kitini. "Nilijua! Mimi natoka jasho karakana, yeye anakesha anatazama upuuzi! Lete hiyo simu. Leo naipasua."

"Baba, hebu kaa kwanza," daktari akasema. Kisha akamgeukia binti. "Kukesha na kukodolea kioo kunatosha kabisa kuumiza kichwa. Lakini nataka kujua, unafanya nini muda wote huo?"

Machozi yakamtoka Atuganile.

"Naongea na Subilaga."

Wazazi wake wakatazamana. Subilaga alikuwa amekaa dawati moja na binti yao tangu darasa la kwanza. Mama yake alifariki siku chache kabla ya Pasaka, naye akachukuliwa na mjomba wake, Mbeya mjini.

"Watu wakilala ndipo anaanza kulia," Atuganile akasema. "Ananiambia anaona heri amfuate mama yake. Nikizima simu, atabaki na nani?"

Ambakisye akafuta uso kwa kiganja.

"Mbona hukutuambia, mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Niliogopa mtachukua simu, Baba."

Daktari akawaambia bila kuficha: "Maneno hayo ya Subilaga msiyachukulie kama ya kitoto. Mjomba wake ajue leo, na mtoto aonwe na mtaalamu. Mzigo huu ni wa watu wazima. Huyu binti ameubeba peke yake mpaka ameanza kuugua."

Mchana ule ule Ambakisye alipanda gari kwenda Mbeya. Mjomba alipoelezwa alishika kiuno, akashindwa hata kumkaribisha mgeni. "Mimi nilimwona kila saa yuko na simu, nikasema ndio vijana wa siku hizi," akasema. "Asante, ndugu yangu. Mmetuokolea mtoto." Kesho yake alimpeleka Subilaga hospitali, na tangu hapo mkewe akawa analala naye chumba kimoja.

Shule zilipofungwa, Subilaga alikuja kukaa Tukuyu. Wasichana walichuma chai pamoja, walipika, walisukana nywele barazani. Kulia walilia, lakini mchana, mbele ya watu wa kuwapangusa machozi. Jioni simu zote za nyumba hiyo, hata ya baba, zililala kabatini. Kichwa cha Atuganile kikaanza kupoa taratibu, hadi siku moja kanga ikarudi kufungwa kiunoni.

Asubuhi moja Tusekile aliwakuta mabinti bado wamelala fofofo, jua limeshapanda. Akakaa kitandani, akamgusa binti yake begani.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Ulimshika mwenzako wakati sisi wakubwa tumelala. Sasa lala wewe. Sisi tuko macho."

Funzo: Simu ikimuumiza mtoto wako, usianze kwa kumnyang'anya, muulize kwanza anabeba nini ndani yake, kisha mpokee mzigo huo, umshukuru, naye apate kupumzika.