Siku Liwali Nyati Aliposindikizwa

Hadithi, hadithi!
Semeni: Ije, tumeketi!
Nilikwenda huko, nikarudi huku.
Semeni: Ulikuta nini?
Nilikuta jimbo zima limesimama, linamtazama mmoja akienda zake.
Semeni: Tupe, tusikie!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na ninyi, palikuwa na jimbo lenye bwawa moja tu. Sultani Simba aliyekaa mbali alikuwa amemweka Nyati kuwa liwali wa jimbo hilo, na Nyati alilitawala kwa mvua thelathini.

Kila asubuhi ya kiangazi, Nyati aliingia bwawani mpaka maji yakamfika magotini. Alisimama, akatangaza: "Wadogo kwanza! Wa kati wafuate! Wakubwa mwisho!" Basi Kwale akanywa, Digidigi akanywa, Punda Milia akanywa, na mwisho Twiga akanywa. Wote walipokwisha kunywa, ndipo Nyati naye alipoinamia tope lililobaki.

Wakubwa walinung'unika. "Mvua thelathini nakunywa machicha," alisema Twiga. "Shingo yote hii nimepewa ya kusubiria foleni?"

Digidigi hakunung'unika. Yeye alikuwa na neno moyoni. Mwaka wa kiangazi kirefu, bwawa lilipobaki kama sinia, yeye alikuwa ametoka kujifungua na maziwa yamemkauka. Nyati aliwageuzia wakubwa pembe, akawaambia, "Mngojeni mzazi." Digidigi akanywa mpaka akashiba, na jioni yake maziwa yakatoka, mtoto akapona.

Alikusudia kushukuru kesho yake. Kesho ikafika, akaona haya. Kesho kutwa, akasema atashukuru mwezi ukiandama. Mtu unayemwona kila siku, utamwitia nini pembeni? Mvua saba zikapita.

Siku moja Kipanga alishuka na ujumbe wa Sultani. "Nyati, muda wako umetimia. Kesho utaondoka. Liwali mpya atakuja atakapokuja."

Punda Milia walipiga vigelegele. Fisi aliangua kilio kabla ujumbe haujaisha, kisha akajifuta machozi na kuuliza, "Na kiti je, kinakaliwa na nani kwa sasa?"

Sasa, desturi ya jimbo lile ilikuwa hivi. Anayeondoka husindikizwa vituo vitatu: kwanza kichuguuni, pili jabalini, tatu kivukoni. Kila kituo husimama, na mwenye neno humwambia. Jua halizami kabla hajavuka, na akishavuka haitwi kurudi.

Kesho yake, jimbo zima lilijipanga. Na hapo ndipo walipokosea. Kwa kutaka kumpa heshima, walijipanga kwa ukubwa: wakubwa mbele, wa kati katikati, wadogo nyuma kabisa. Nyati aliwatazama, akafumbua kinywa, kisha akakifumba. Anayesindikizwa haamuru.

Kichuguuni alihutubu Twiga, akimsifu Nyati kwa bwawa. Alisema la kwanza, akasema la pili, akasema, "Na kwa kumalizia."

"Shoga," Digidigi alimnong'oneza Kwale, "amemalizia mara ngapi?"

"Hii ya nne. Nami miguu inaniwaka."

Jabalini alisimama Fisi. Alilia, akagaagaa, akajimwagia vumbi, akawataka wote wamwone anavyolia.

Kivukoni waliimba Punda Milia. Waliimba ubeti wa kwanza, wakaimba wa pili, wakarudia wa kwanza. Jua likagusa kilima.

Digidigi alijipenyeza katikati ya kwato. "Liwali! Nina neno! Liwali!" Lakini sauti yake ni ya mluzi, na kwato zilikuwa zikicheza ngoma. Nyati aliangalia nyuma mara moja, juu ya vichwa vya wakubwa, kama anayemtafuta mtu. Kisha akavuka.

Asubuhi ya kwanza hapakuwa na mtu bwawani wa kutangaza zamu. Twiga alikunywa wa kwanza. "Kumbe maji haya ni matamu!"

Asubuhi ya pili wa kati na wakubwa walipigana mateke.

Asubuhi ya tatu Kwale alikanyagwa mguu ukavunjika, na mtoto wa Digidigi akarudi nyumbani bila kunywa tone.

Ndipo maneno yakabadilika. Waliopiga vigelegele walisema, "Enzi za Mzee haikuwa hivi." Twiga alisema, "Mimi nilimpenda tangu zamani."

"Ungempenda kwa ufupi," Kwale akajibu akiwa chini, "sisi wengine tungepata nafasi."

Digidigi alimwacha mtoto kwa Kwale, akaenda kivukoni. Desturi ilikataza kumwita aliyeondoka. Kumfuata haikukataza. Basi akapenya mtoni huku Mamba akimtupia jicho, akafuata nyayo za kwato. Alitembea asubuhi, akatembea mchana, na alasiri akamkuta Nyati amelala peke yake kwenye uwanda mkavu. Mbavu zilikuwa zinahesabika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona uko mbali na maji? Mtoto amekunywa?"

Digidigi aliinamisha macho. Akasema lile lililomleta. "Mwaka wa kiangazi kirefu uliwaambia wakubwa wamngoje mzazi. Mzazi yule ni mimi. Nilikunywa, maziwa yakatoka, mtoto akapona. Asante, Mzee."

Nyati akainua kichwa. "Rudia," akasema.

Akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia mara ya tatu, safari hii polepole.

"Twiga alinisifu kwa bwawa, na bwawa alilichimba Mungu," Nyati akasema. "Fisi alinililia, na sijui alichokililia. Hakuna aliyenitajia hata asubuhi moja. Nimetembea siku hizi nikijiuliza kama nilisimama mle majini bure."

"Basi rudi, Mzee! Tunakutamani. Wote wanakutamani."

Nyati akacheka kidogo. "Nirudi mnisindikize tena? Twiga atahutubu tena, nife kweli. Hapana, binti yangu. Aliyevuka amevuka. Lakini zamu mnaijua. Mimi nilikuwa nikisimama tu, mdomo ni wenu pia. Nenda, mtoto ana kiu."

Digidigi aligeuka. Kila hatua kumi aliangalia nyuma, na kila alipoangalia, Nyati alikuwa bado amekaza macho kwake, mpaka uwanda ukawameza wote wawili.

Asubuhi iliyofuata alifika bwawani na mtoto wake. Akasimama ukingoni, akapiga mluzi: "Wadogo kwanza!"

Twiga alikuwa ameshainamisha shingo. Macho yake yakaangukia pale katikati ya maji ambapo Nyati alizoea kusimama, na hapakuwa na kitu. Akainua shingo taratibu. "Kunywa, mama," akasema.

Si kwamba walikuwa wema tangu siku ile. Walisahau, wakagombana, Digidigi akapiga mluzi, wakakumbuka. Lakini mahali pa Nyati hawakupakanyaga. Na Digidigi, kila akiinama kunywa, alipatazama pale, na chozi likamtiririka. Lilitiririka kiangazi baada ya kiangazi hadi likaacha alama. Ndiyo maana hata leo, ukimtazama Digidigi kwa karibu, utaona doa jeusi chini ya kila jicho lake.

Funzo, wasikilizaji wangu, ni hili: anayewatendea haki mwambieni angali mbele yenu, tena mtajieni tendo lenyewe, hata likiwa dogo. Na akiondoka, msikae mkililia kiti chake. Shikeni ile haki aliyoisimamia.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeisikia ni yake. Aliyesinzia amwulize jirani.