Farasi Aliyemvusha Jenerali

Imepokewa katika habari za wacha Mungu wa nchi za baridi, kule ambako mito huganda ikapitika kwa miguu, kwamba palikuwa na Mwislamu mmoja wa kabila la Watatari aliyepanda vyeo katika jeshi la Kaisari wa Urusi hadi akawa jenerali. Jina lake lilikuwa Ishbulat Yanbarisov. Alisali vipindi vyake vitano kambini na mjini, hakugusa mvinyo kwenye karamu za wakubwa, na chakula kilipokuwa haba askari wake walikula kabla yake. Watu walimjua kwa hayo, Mola amrehemu. Lakini zaidi walimjua kwa mto Saksai.

Habari ya Saksai ilikuwa hivi. Katika vita vya ujanani mwake, alipokuwa kapteni, kikosi chake kilibanwa ukingoni mwa mto huo mwishoni mwa majira ya baridi, barafu ikiwa imeanza kulainika. Nyuma yao adui, mbele yao barafu isiyoaminika, na hakuna aliyethubutu kutia mguu. Ghafla Kapteni Ishbulat akaonekana ndani ya ukungu, juu ya farasi wake jike wa kijivu aliyeitwa Mbayuwayu, anateremka ukingo na kuukata mto kwa mshazari bila kugeuka nyuma. Askari mia tatu wakamfuata, unyayo juu ya unyayo, wakafika ng'ambo wote. Adui alipowaandama kwa njia iliyonyooka, barafu ilipasuka chini ya mizinga yake.

Kwa siku hiyo Ishbulat alipewa nishani. Kwa kawaida nishani ile ilichorwa mtakatifu wa Kikristo akiwa juu ya farasi. Serikali, kwa kuchelea kuwakera askari Waislamu katika dini yao, iliiondoa sura hiyo kwenye nishani zao na kuweka tai mwenye vichwa viwili. Kapteni alipoileta nyumbani, mkewe, Bi Shamsikamar, aliigeuza kiganjani upande huu na upande huu.

"Wamekosea kidogo," akasema. "Wangemwacha farasi, wakamwondoa mpandaji tu."

Wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa. Maana Bi Shamsikamar alikuwa na barua. Mumewe alimwandikia juma lile lile la mto, kwa mkono wake, kwa lugha yao wenyewe: "Mke wangu, usiyaamini utakayoyasikia. Mbayuwayu alinusa nyasi kavu ng'ambo, akaninyang'anya hatamu. Mimi nilimkumbatia shingo nimefumba macho, nasoma Ayatul Kursi. Nilipoyafumbua tulikuwa upande wa pili, na kikosi kizima nyuma yangu kinaniita shujaa." Barua hiyo Bi Shamsikamar aliiweka katika kisanduku cha tasbihi yake.

Kama mambo yangeishia hapo, kusingekuwa na kisa. Lakini mwaka uliofuata kapteni alialikwa karamuni katika mji mkuu, na mama mmoja mkubwa, mwenye manyoya ya mbuni kichwani, alimuuliza mbele ya meza nzima: "Kapteni, tuambie, ulijuaje kwamba barafu ile itakubeba?" Majenerali waliweka vijiko chini ili wasikie. Kusema kweli kulitaka maneno manne tu: farasi alikuwa na njaa. Ishbulat alifungua kinywa ayaseme, na kinywa kikasema mengine: "Niliisikiliza, Bibi. Niligonga kwa ala ya upanga mara tatu. Barafu inayolia kama kengele ni barafu inayobeba."

Lilikuwa jibu zuri. Baroni Krasnopolski, mkuu wa Chuo cha Maofisa, alitoa kalamu akaliandika kwenye mkono wa shati lake.

Miaka ishirini na miwili ikapita. Ishbulat akawa kanali, kisha jenerali, kisha mjumbe wa baraza linaloishauri serikali juu ya majimbo ya mashariki. Alijenga madrasa katika mji wake, akawaoza binti zake wawili kwa watu wa elimu, na mwanawe wa mwisho, Safargali, akaingia jeshini na kuwa luteni. Kila hatua aliyopanda, kulikuwa na mtu wa kusema, "Huyu ndiye wa Saksai." Naye Bi Shamsikamar hakuitaja barua hata siku moja. Hakuwa mtu wa kumsukuma mwenziwe mlangoni; alikuwa mtu wa kuuacha mlango wazi.

Ikaja baridi ya mwaka ambao Safargali alirudi nyumbani kwa likizo. Walikuwa wameketi watatu baada ya adhuhuri, samawari inavuma mezani, kijana anapaka asali kwenye mkate wake wa nne.

"Baba, mtihani wangu wa mwisho niliupita kwa jina lako," akasema. "Waliniuliza Kanuni ya Yanbarisov. Nikajibu neno kwa neno."

"Kanuni ipi?" akauliza jenerali.

"Baba naye! Ile ya kitabu cha Baroni. Gonga mara tatu, sikiliza, ikilia kama kengele pitisha kikosi. Mwezi ujao tutafanya mazoezi ya kuvuka mto, na kanali wetu amenichagua mimi kutangulia na askari mia mbili na arubaini. Amesema mwana wa Saksai hazami."

Bi Shamsikamar aliweka kijiko chake chini, polepole.

"Na ikilia, mwanangu, nayo ni nyembamba?"

"Mama, barafu ya Baba haidanganyi," akasema Safargali, akacheka, akachovya mkate katika chai.

Jenerali Ishbulat alimtazama mwanawe akila, na kwa mara ya kwanza aliiona sentensi yake ya karamuni jinsi ilivyokuwa. Alikuwa ameidhania pambo, kama manyoya ya mbuni ya yule mama. Sasa aliwaona juu yake watu mia mbili na arubaini, mmoja wao akiwa na asali kidevuni.

Asubuhi ya pili kijana aliondoka kurudi kikosini. Jenerali alijifungia akaandika waraka kwa Baroni, kisha akamletea mkewe ausome. Waraka ulisema kwamba, kwa kuzingatia maendeleo ya elimu, ingefaa kanuni iliyotajwa ifanyiwe uchunguzi zaidi wakati utakaporuhusu.

Bi Shamsikamar aliusoma mara mbili. Akaenda kwenye kisanduku, akatoa ile barua ya zamani, akaziweka mbili hizo mezani ubavu kwa ubavu.

"Baba Safargali," akasema, "hii imeandikwa na jenerali. Na hii iliandikwa na mume wangu. Mimi nina mapenzi na huyu wa pili. Lakini barua zote ni zako, chukua utakayo."

"Unajua Alhamisi kuna nini Chuoni?"

"Najua. Watakupa upanga wa dhahabu, na waziri atatangaza kwamba umekuwa gavana wa mashariki yote."

"Gavana Mwislamu, Shamsikamar. Hajawahi kuwapo. Fikiri madrasa ngapi zingejengwa."

"Ningefurahi kuziona," akajibu. "Ila sitaki kuziona kutoka juu ya kaburi la mwanangu."

Jenerali akasoma istighfari, akauchana waraka, akaitia ile barua ya zamani katika mfuko wa ndani wa koti lake.

Siku ya Alhamisi ukumbi wa Chuo ulijaa. Ukutani palitundikwa picha kubwa ya rangi: Kapteni Ishbulat ameinama kutoka juu ya tandiko, sikio lake liko karibu na barafu, uso wake una hekima nyingi. Mbayuwayu alikuwa pembeni ya picha, kichwa kimekatwa na fremu. Waziri alikaa mbele na karatasi ya uteuzi mkononi. Baroni Krasnopolski, mtu mnene mwenye furaha, alihutubia kwa muda mrefu, kisha akamwomba mgeni wa heshima aeleze kwa kinywa chake siri ya Saksai.

Jenerali Ishbulat alisimama. Akasema, "Bismillahi," akaifungua barua, akaisoma yote, akiitafsiri sentensi kwa sentensi: nyasi kavu, hatamu, macho yaliyofumbwa. Alipomaliza akaongeza: "Ya kugonga na kusikiliza niliyatunga mezani, kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Sikugonga kitu. Msimfundishe yeyote."

Halafu jenerali mzee wa mguu wa mti, aliyekaa safu ya kwanza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo yake ikaanguka. Kicheko kikapanda nyuma, safu kwa safu, na kijana mmoja huko mwisho akalia kama farasi.

Baroni alikuja mbio, uso umemwiva. "Mheshimiwa Jenerali anafanya mzaha! Huu ndio unyenyekevu wao Waislamu, wanauita tawadhui."

"Sio tawadhui, Baroni. Mwenye tawadhui huficha alilolifanya. Mimi nimekuwa nikitangaza nisilolifanya."

"Na kitabu changu? Toleo la nne liko mtamboni!"

"Andika humo kwamba barafu itobolewe kwa kekee na kupimwa kwa vidole, kila hatua kumi."

"Hayo anayajua kila mkulima!"

"Basi wakulima wetu wametutangulia."

Waziri hakucheka. Aliikunja ile karatasi mara nne, akairudisha mfukoni, akaondoka. Upanga wa dhahabu ulibaki juu ya mto wake wa hariri, haukupata wa kuuvaa. Kabla ya jua kuzama jenerali alikuwa ameshamtuma tarishi kwa Safargali na maelezo yote na kekee mpya ya chuma.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa mlangoni.

"Wamekufanyaje?"

"Wamenicheka."

"Na wewe?"

"Nilicheka nao. Mpaka yule wa mguu wa mti akanikumbatia. Ugavana umekwenda, Shamsikamar."

"Alhamdulillahi kwa kila hali. Vua buti, unanijazia theluji zulia langu."

Kisha wakasubiri. Kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko ukumbi, kwa kuwa hawakujua kama tarishi angefika kabla ya mazoezi, wala kama kijana aliyejivunia baba yake angeukubali ukweli wa namna ile. Jenerali alirefusha sijida zake. Bi Shamsikamar alivuta tasbihi mpaka uzi ukakatika, akaitunga upya.

Siku ya kumi na tisa barua ikafika. Jenerali aliisoma kwa sauti, amesimama.

"Baba na Mama, assalamu alaikum. Nianze kwa kusema kwamba nilikasirika siku tatu. Nikiingia chumba cha kulia, maofisa wenzangu wananililia kama farasi, na mmoja ameniwekea nyasi kwenye sahani. Siku ya mazoezi kanali alisema kitabu bado hakijabadilishwa, tufuate kitabu. Tukagonga mara tatu. Baba, barafu ililia kama kengele. Sijapata kusikia mlio mzuri kuliko ule. Askari wakashangilia. Mimi nikaomba nafasi nijaribu kekee yako. Ilizama kwa mizunguko minne. Vidole vitatu, na chini yake hewa tupu. Maji yalikuwa yameshuka, na ndiyo sababu ililia vile. Kanali aliingiza mkono wake mwenyewe tunduni, akautoa, akavua kofia. Tumerudi wote mia mbili na arubaini. Wenzangu bado wananililia kama farasi, lakini sasa wanasimama kwanza kwa heshima."

Jenerali aliishusha barua. Ndevu zake zilikuwa zimelowa, na bado anacheka. Bi Shamsikamar aliichukua, akaikunja, akaiweka kisandukuni juu ya ile ya kwanza.

"Kisanduku kimejaa," akasema. "Tasbihi yangu sasa itakaa wapi?"

"Ikae mkononi mwako," akajibu mumewe. "Mkono wako wa pili niachie mimi."

Inasemekana waliishi miaka mingine kumi na moja katika mji wao, na kwamba kila mwaka siku ya Saksai jenerali aliwapelekea farasi wote wa mtaa nyasi kavu kwa jina la Mbayuwayu. Bi Shamsikamar alitangulia yeye mbele ya haki. Waliokuja kumpa pole jenerali walimkuta ameshika kisanduku mapajani. Mmoja akamuuliza kama ni nishani zake anazozitunza humo. Akasema, "Hapana. Nchi nzima ilikuwa ikimjua mtu aliyesikiliza barafu. Mke wangu peke yake alimjua aliyefumba macho, na huyo ndiye aliyemchagua."

Ewe ndugu msomaji, sifa tusiyoistahili hutuita kwa sauti tamu, na mlio wake hautuelezi kilichopo chini. Ukiwa na mtu nyumbani anayekujua ulivyo, akasubiri bila kukuaibisha mpaka uuseme ukweli kwa kinywa chako, basi umeruzukiwa. Mshukuru Mola wako kwa ajili yake, na umwambie leo.