Mbuzi Walipokula Malisho ya Ramani

"Mbuzi ni wako, waliokula ni wao, halafu jina kwenye kibao nalo liwe lako?" Ndahani aliuliza.

"Na wewe hata kuku huna," Mzee Mbogoni akamjibu. "Ng'ombe wakisikia wanalishwa kwenye malisho ya Ndahani, watacheka hadi maziwa yagande."

Walikuwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji cha Mahomelo, Dada Sechela. Mwenzao wa tatu, Bibi Nyemo, alikuwa kwenye benchi akifuta machozi ya kicheko. Msichague upande bado. Kwanza niwaambie kila mmoja amejaliwa nini.

Mzee Mbogoni ana macho. Changanya mbuzi wa kijiji kizima, atakutolea wake mmoja mmoja na kukuambia kila mmoja ameshinda wapi.

Ndahani, mkulima wa zabibu, ana miguu. Baiskeli yake haina breki, lakini hajawahi kuzitafuta, maana huwa hasimami.

Bibi Nyemo ana mikono. Akipiga muheme, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo, hata mwenye goti bovu husahau goti.

Sasa, siku ya kupanga matumizi ya ardhi alikuja mpimaji kutoka wilayani. Ramani ilichorwa chini, uwanjani, ili kila mtu aione. Majivu yakawa mipaka, mawe yakawa makazi, vijiti vikawa mashamba. Malisho je? Watu wakasema yawekwe maganda makavu ya mgunga yaliyosalia ya mwaka jana, kwa kuwa hakuna chakula ambacho mbuzi wanakipenda zaidi. Walibishana asubuhi nzima, wakakubaliana, wakaenda kula ugali. Hakuna aliyebaki kulinda ramani.

Waliporudi, mpimaji alikuwa ameshainakili kwenye karatasi. Palipokuwa na malisho alikuta patupu, akaandika: makazi ya baadaye. Kilichobaki ni mkutano mkuu kunyoosha mikono. Ukipitisha, atakayepeleka mifugo pale atakuwa amevunja sheria, na kijiji hakina pengine pa kulishia.

Mikono ilikuwa inaanza kupanda Mzee Mbogoni alipomwona beberu wake akitafuna, ganda la mgunga likining'inia mdomoni. Msimu wa maganda haukuwa umefika. Yalikuwa mahali pamoja tu. Kijiji kina faini ya mbuzi wanaozurura, na angeweza kunyamaza. Akasimama. "Jamani, mbuzi wangu wamekula malisho. Yale ya kwenye ramani." Bila yeye, kosa lingepitishwa kwa makofi.

Mpimaji akasema hawezi kuchora kwa kukumbuka. Alitaka vipimo vya mpaka wote wa malisho, siku hiyo hiyo, na gari lake haliwezi kupita korongoni. Ndahani akampakia kwenye keria ya baiskeli, mtu na kifaa chake. "Breki ziko wapi?" mpimaji aliuliza wakiteremka. "Tutaziongelea tukifika," Ndahani akasema. Mpimaji alirudi bila kofia, lakini vipimo vyote alikuwa navyo. Bila Ndahani, pasingekuwa na cha kuchora.

Huku nyuma mawingu yalikuwa yametanda, watu wakaanza kuondoka kwenda kukamua. Mkutano usipotimiza idadi ya watu, kura haihesabiki. Bibi Nyemo akaleta muheme wake, akaubana mapajani, akaanza. Waliokwisha kufika njiani waligeuka mabega kwanza, kisha miguu ikafuata. Baiskeli iliporudi, uwanja ulikuwa umejaa kuliko asubuhi. Mikono ikanyooshwa, malisho yakapita. Bila Bibi Nyemo, mawe ndiyo yangesomewa vipimo.

Kwa furaha, mkutano ukaamua malisho yaitwe kwa jina la aliyeyaokoa. Jina moja.

"Tuandike yote matatu," Ndahani alisema pale ofisini.

"Mkutano umesema moja," Dada Sechela akajibu. "Na wewe, mama, mbona unacheka tu?"

"Nawacheka hawa wanangu," Bibi Nyemo akasema, na kicheko kikamwisha. "Lakini kisima kina jina la mwanamume. Mlima, vilevile. Hata lile shimo la kokoto. Nina wajukuu wa kike watupu. Nataka siku moja wachunge mahali panapoitwa jina la bibi yao."

Mzee Mbogoni akatazama sakafu, lakini hakuliacha dai lake.

Nanyi mnaonisikiliza, mngempa nani? Aliyejishtaki mbele ya watu, aliyehangaikia malisho ya mifugo asiyo nayo, au aliyewarudisha watu waliokwisha kuondoka? Semeni upesi, maana Dada Sechela alikuwa bado ameshika tama, na fundi wa kibao alishafika mlangoni na brashi mkononi.

"Dada, 'Malisho ya' nimeshaandika," alisema. "Rangi inakauka. Nimalizie na nani?"