Likizo ya Bei Chee

Wapendwa, kaeni vizuri, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapo hapo, maana leo sina sauti ya kushindana na mtu. Nina hasira. Ni ya nini, nitawaambia. Kwanza niwape mfano.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia akajisemea, "Mwaka huu sikai nyumbani kuchunga kuku. Nitaizunguka nchi, na nitaizunguka kwa bei chee." Akachukua daftari, akaandika majina ya wenzake aliosoma nao chuo cha ualimu miaka ishirini na sita iliyopita. Huyu yuko karibu na stesheni fulani, yule yuko njia ya malori. Akaziunganisha nyumba zao moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo ikawa safari. Nyumba ya kulala wageni ya nini, na yeye ana watu? Akafunga mayai ya kuchemsha kumi na mawili, karanga na dumu la maji, akapanda treni daraja la tatu, huyo akaenda.

Msimcheke. Kujibana si dhambi, wengi wetu humu tunajibana tangu tuzaliwe. Na mtu anayewakumbuka wenzake baada ya miaka yote hiyo si mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno. Kila alipofika mlangoni alipaza sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Yeye mwenyewe ndiye mgeni, yeye mwenyewe ndiye anayejikaribisha. Methali hiyo tunaijua sana sisi tukiwa ndio wenye mabegi, sivyo?

Nyumba ya kwanza walimpokea kama bwana harusi. Jogoo akachinjwa, wenye nyumba wakalala chini wakamwachia kitanda. Akakaa siku nne. Kisha akapata lifti ya fuso la vitunguu, bure kabisa kwa sababu dereva alipenda hadithi zake, hadi kwa mwenyeji wa pili.

Na huyo wa pili walikuwa chanda na pete. Chuoni walilala kitanda kimoja cha juu na chini, na mpaka leo wanaitana hivyo, Wa Juu na Wa Chini. Msafiri wetu ndiye Wa Juu. Alipougua malaria mwaka ule wa kwanza, Wa Chini ndiye aliyemfulia mashuka wiki nzima bila kusema neno. Kwa hiyo Wa Juu alikuwa ameisubiri nyumba hii kuliko zote. Jogoo wa kwanza kama alikuwa mmoja, hapa alitegemea wawili.

Akafika saa nane mchana. Wa Chini akatoka jikoni mikono ina unga, akamkumbatia.

"Habari za hapa, Wa Chini!"

"Salama, ndugu yangu, karibu sana. Ila mama watoto..."

"Yuko shambani? Mwache achape kazi! Sasa sikiliza, mle behewani mlikuwa na bibi amepakata bata..."

Hapo nisimame kidogo. Desturi yetu mnaijua. Hata ukimkuta mtu paa lake limeezuliwa na upepo, ukimwuliza habari atasema salama. Hakudanganyi, anakukaribisha. Wewe ukae, unywe maji, ujifute jasho, kisha uulize mara ya pili, polepole, "Ehe, habari za siku nyingi?" Hapo ndipo habari yenyewe inapotoka. Nani humu hakulelewa hivyo? Wa Juu naye alilelewa hivyo hivyo. Akakaa, akanywa maji, akajifuta jasho. Ya pili hakuuliza. Akaendelea na bata.

Mezani palikuwa na chupa ya chai. Ndani mlikuwa na uji wa ulezi, mwepesi, hauna hata chembe ya sukari. Wa Chini akaitazama ile chupa, akamtazama mgeni, akammiminia. Wa Juu akanywa akakunja uso, lakini njaa haina adabu, akasogeza kikombe aongezewe. Akaongezewa. Kisha Wa Chini akaifunga chupa, akasema, "Pumzika, nafika mjini mara moja." Akapanda baiskeli, akaenda zake hadi magharibi.

Mgeni akabaki na kuta. Mtu niliyetoka mbali kote huko, akawaza, ananipa uji kisha ananikimbia!

Jioni walikula viazi vitamu, vikavu, bila hata chai ya kuteremshia.

"Kesho ukae," Wa Chini akamwambia. "Saa kumi jioni twende wote mjini. Kuna mtu angefurahi sana kukuona."

"Ah, ratiba yangu imebana! Fuso linaondoka saa mbili asubuhi. Wewe nisalimie huyo mtu."

Wa Chini akataka kusema kitu, lakini mwenzake alishaanza kusimulia jogoo wa nyumba ya kwanza alivyokuwa mnono. Akainama, akamenya kiazi.

Asubuhi ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Wa Chini alisimama mlangoni na baiskeli yake, akasema, "Nisamehe, leo sitakusindikiza. Naelekea upande mwingine." Hata hatua kumi! Hata mpaka kwenye uzio! Wa Juu akabeba begi lake peke yake hadi barabarani, moyo unamchemka. Adui humsindikizi, lakini rafiki?

Basi akapata hadithi mpya. Bata wa behewani akaachwa. Nyumba ya tatu akasimulia uji. Nyumba ya nne akasimulia uji, na safari hii akaigiza Wa Chini anavyofunga chupa kwa uchoyo, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ugumu wa mwenzao ukawa kitoweo cha likizo nzima.

Mwisho wa mwezi wa saba wote wakakubaliana kukutana kwa mwenzao wa tano, mwenye uwanja mkubwa. Wakaja na wake zao na waume zao. Wamekwisha kukaa, wamekwisha kugawiwa pilau, ndipo Wa Chini akaingia. Alikuja polepole, amemshika mkono mwanamke aliyekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Mmoja akapaza sauti:

"Wa Chini! Leo umetuletea chupa ya uji?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wa Chini akatabasamu pamoja nao, hajui wanacheka nini. Na yule mwanamke, mkewe, akacheka pia, akafurahi kweli.

"Kumbe shemeji amewasimulia!" akasema. Akamtafuta Wa Juu kwa macho, akamwendea. "Shemeji, nisamehe. Ulifika nyumbani mimi niko wodini, hukupata hata chai. Nilikuwa nangoja kupasuliwa, uvimbe tumboni, na wauguzi walikuwa wameniruhusu uji mwepesi tu. Jioni ile mwenzangu akaniletea chupa nusu. Nikamwuliza, mbona nusu? Akasema, Wa Juu amekuja, nimemgawia. Nikamwambia, basi uji umekwenda mahali pazuri. Mlete kesho, aniombee kabla hawajanipasua, maana naogopa." Akavuta pumzi, bado hakuwa na nguvu. "Kesho yake saa kumi nikafunga kilemba vizuri, nikakaa kitandani nikitazama mlango. Lakini si kitu, shemeji. Safari zina mambo yake."

Yule aliyetania akaweka sahani yake chini. Wa Juu, mtu aliyesema mfululizo wiki sita, alitafuta neno akapata moja.

"Sikujua."

"Najua hukujua," Wa Chini akamjibu, kwa upole kabisa. "Ulikuwa unasimulia."

Wapendwa, nawaona mnavyomkunjia uso yule mwalimu. Na yupo anayenong'ona, "Huyo Wa Chini naye, si angesema?" Angesema saa ngapi? Angepenyezea wapi? Alijaribu mlangoni akakatwa, alijaribu kwenye viazi akakatwa. Mlitaka mtu ambaye mkewe yuko kitandani amzibe mgeni mdomo kwa nguvu ili amweleze machozi yake? Mwacheni Wa Chini. Na Wa Juu mwacheni pia, alisafiri siku mbili kumfuata rafiki. Sisi tunasafiri nini?

Hasira yangu ni hii. Kuna mama mmoja wa kanisa hili, hukaa benchi la nne, upande wa dirisha. Jumapili tano hayupo. Wiki iliyopita niliwauliza, mkanijibu, "Mchungaji, yuko salama, tulipishana naye sokoni tukasalimiana." Siku gani? Hakuna anayekumbuka. Alikuwa na nani? Hakuna. Anakaa wapi? Mzee mmoja akasema ng'ambo ya mto, mwingine akasema karibu na mashine ya kusaga. Wanawake mkatazamana. Na mimi, niliyemshika mkono pale mlangoni miaka sita, nikisema "hujambo mama," nikisikia "sijambo," nikauhamia mkono unaofuata, mimi mchungaji wenu siijui nyumba yake. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe, na inanichoma.

Kwa hiyo leo sadaka itasubiri. Kwaya, fungeni madaftari. Simameni. Mnaokaa ng'ambo ya mto mtangulie, sisi tutawafuata, tutabisha nyumba kwa nyumba mpaka tumpate. Na akitujibu "salama," asiondoke mtu. Tukae chini, tunyamaze, tumwulize tena.