Kata Yako, Jeneza la Mwenzio

"Kata yako, jeneza la mwenzio." Mmeisikia leo kwenye mashine ya kusaga, mkaja mbio kuniuliza nani aliitunga. Nilijua siku hii itafika. Watu wakisikia methali hudhani ilitungwa na wazee wenye hekima, waliokaa wakafikiri. Hii haikupatikana hivyo. Ilitoka kwenye upumbavu wa msichana wa miaka kumi na minane aliyeitwa Mize, na Mize ni mimi bibi yenu. Methali hii ilianza hivi. Kheri, weka simu chini, maana sitarudia.

Kata mnaijua: kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, cha kuchotea maji mtungini. Sasa miezi hii ya masika, mawingu yakifunguka, tokeni uani baada ya sala ya isha mtazame kaskazini. Mtaziona nyota saba. Nne ni kifuu, tatu ni mpini. Kata yenyewe imepinduliwa, mdomo uko chini, nasi wa hapa husema inamwaga mvua.

Nyinyi shuleni mmeambiwa huyo ni dubu. Mimi dubu sijapata kumwona, siwezi kubisha. Marehemu babu yenu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na mlowezi alimwambia kuwa zile nyota ni plau ya kulimia. Babu yenu akaja kutusimulia, na hakuna mtu aliyecheka. Maneno ya mkubwa hatukuyacheka. Tulimcheka asiye na wa kumtetea.

Ndugu yangu wa pekee alikuwa Mbwana, fundi wa kuchonga milango. Alikwenda kufanya kazi kaskazini, bandari ndogo iliyo mbali kupita Barawa, kwenye pwani ya Somalia, akakaa miaka miwili. Aliporudi alikuwa na sanduku la patasi na mke. Mke aliitwa Shamsa, mwembamba, mchache wa maneno, na lafudhi yake ilikuwa ya kwao. Sikumpenda. Sababu nilikuwa nayo moja tu: Mbwana alikuwa wangu, kila Idi kanga ya kwanza alininunulia mimi, na sasa amekuwa wa mwingine.

Jioni waliyofika tulimkalisha uani kumwosha miguu, kama anavyofanyiwa bibi harusi. Giza lilikuwa limeingia na mbingu imetakata. Nikamwonyesha zile nyota, nikamwambia, "Tazama wifi, kata imepinduliwa. Umekuja na mvua."

Akainua macho, akazitazama. Kisha akasema taratibu, "Kwetu si kata. Kwetu ni jeneza. Nyota nne ndizo jeneza, na zile tatu nyuma ni mabinti wanaomfuata baba yao."

Nikacheka mpaka maji ya kumwosha yakamwagika. Jeneza, nyumbani kwa harusi! Tena wanawake kufuata jeneza! Nyote mnajua kwetu maiti husindikizwa na wanaume. Wanawake hubaki nyumbani na kilio chao. Mama akanitolea macho, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta.

Kesho yake zikaanza siku saba za fungate. Hapa kwetu, enzi hizo, mawifi walikuwa na ruhusa ya kumwimbia bibi harusi vijembe kila jioni mlangoni mwake, na yeye hakuruhusiwa kujibu hata neno moja. Alikaa kimya mpaka siku ya saba, mkwe wake alipomtia asali ulimini na kumwomba neno la kwanza. Utani huo ulikuwa wa kumpima subira, na vijembe vyenyewe vilikuwa vya mapishi, vya usingizi, vya mwendo. Mimi nikachukua tari, nikatunga hiki:

Wifi yetu katujia,
na jeneza la kichwani,
kwao wanawake pia
huzika makaburini!

Jioni ya kwanza waliitikia wanawake watano. Jioni ya tatu ua ulijaa. Jioni ya tano watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiuimba wakienda kisimani. Ndani hakukusikika chochote. Nilijiambia anaona haya. Somo yake, aliyekuwa akimhudumia mle ndani, alitoka akaninong'oneza, "Mize, mwenzio hali." Nami nikamjibu, "Atakula siku ya saba, na asali juu." Ndiyo, nilisema hivyo. Msinitazame hivyo, nimeshajitazama mwenyewe miaka hamsini.

Siku ya saba tulikusanyika. Shamsa akatolewa, amekonda, kafunikwa kanga mpya. Mama akamtia asali ulimini.

"Mkwe wangu, mdomo wako umefunguliwa," Mama akasema. "Tupe neno la kwanza."

Tulitazamia dua, au shukrani. Shamsa akanigeukia mimi.

"Wifi, kwetu pia wanawake hawafuati jeneza," akasema. "Lakini mwaka mmoja iliingia ndui. Vijana walikufa, na waliobaki wazima walikimbia. Baba yangu alipofariki, wazee wawili walimweka kwenye mkokoteni wa maji wakamsukuma. Nyuma yake, mahali ambapo mtaa mzima hufuata, hapakuwa na mtu. Tukatoka sisi. Dada yangu Mana, dada yangu Nuria, na mimi. Nilikuwa wa mwisho kwa sababu nilikuwa mdogo."

Mama akaketi chini.

"Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha zile nyota," Shamsa akaendelea. "Mwezi haujaisha, Mana na Nuria wakamfuata. Mimi nikabaki. Basi nikiziona juu, natuona sote wanne mahali pamoja. Wewe ukiona kata, wifi, ni haki yako. Lakini hiyo kata yako ni jeneza la baba yangu."

Hakulia. Heri angelia, au angenitukana, nipate pa kushika. Mama alininyooshea mkono, nami nikampa tari. Sijaigusa tena mpaka leo. Mbwana alikuwa amesimama mlangoni, na alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Usiku ulipoingia nilikwenda kumwangukia Shamsa miguuni. Akaniinua, akasema amenisamehe. Na papo hapo, nje ya ukuta, tukawasikia watoto wanapita wakiimba: *na jeneza la kichwani*. Akanitazama.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini hao nani atawanyamazisha?"

Samahani niliweza kuomba kwa mtu mmoja. Wimbo ulikuwa umeshaingia kila nyumba. Basi asubuhi nikajitanda kanga, nikaanza nyumba ya kwanza kandokando ya kisima. Nilipiga hodi, nikaomba watoto waitwe, nikawaambia: wimbo ule niliutunga mimi, na hiki ndicho nilichokicheka. Nikawasimulia habari ya mkokoteni na wale mabinti watatu, nikamalizia kwa maneno ya Shamsa mwenyewe ya kata na jeneza. Wengine walinisikiliza. Wengine walinifungulia mlango nusu. Mama mmoja aliniambia, "Haya, umekwisha kusema, nenda." Nyumba sitini na mbili, siku nne. Nilipopita tena, watu wakawa wananisalimu kwa maneno hayo hayo, wameyafupisha, na wakayatumia kwa kila anayecheka asilolijua. Wimbo ukafa. Methali ikabaki, na jina langu likaanguka njiani, nashukuru Mungu.

Ndiyo, Kheri, ni huyo huyo. Ni Bibi Shamsa wa nyumba ya pili, anayewapa kashata. Ndiyo maana masika yakifika, akitoa kiti chake uani akakielekeza kaskazini, mimi hutoa changu nikakiweka kando yake nikanyamaza. Macho yangu bado huona kata, sikuwahi kuyafundisha kingine. Lakini huzihesabu zile tatu za nyuma kimoyomoyo: Mana, Nuria, Shamsa.

Sasa nendeni mkamsalimu. Na mkimkuta anatazama juu, msimwulize anatazama nini. Kata yako, jeneza la mwenzio.