Mkono Uliofika Sikioni

Hapo zamani, enyi mliokaa karibu na jiko na mliobanwa mlangoni, palikuwa na mama mmoja wa milimani, Otilia, na binti yake asiye na jina. Kwao mtoto hapewi jina mpaka apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Wenzake wote walishalishika. Mkono wake ulikomea utosini. Watu walimwita Kadogo, na kila walipomwita hivyo, Otilia aliumia.

Wifi yake Desideria, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akavuka milima, akarudi na mzigo wa soya kichwani, shingo imepinda. Akasema alikozitoa watoto wanarefuka.

Otilia akachemsha kiasi, akazifunga kwa majani ya mgomba, akaziweka juu ya jiko. Hazijaliwa, msiba ukalia ng'ambo ya mto. Kwao aingiaye matangani hatoki mpaka matanga yaanuliwe, basi akaenda na mwanawe, soya akazisahau. Aliporudi zimechacha, zinavutika nyuzi, harufu imefika uani. Akainuka akazimwage.

Mama mkwe, Bibi Kolumba, akamzuia.

"Usizimwage, nizionje kwanza. Mimi chumvi nimeila ya kutosha, mwanangu. Nikifa, mtanilia kidogo."

Akala bakuli zima, akajilaza kungoja kifo. Kulipokucha akaomba nyingine.

Ndipo Kadogo akala. Za kupikwa na kuliwa siku ileile, walizomjaribishia baadaye, hazikumfaa kitu. Zilizochacha, jamani, zilimrefusha! Gauni la miguuni likapanda magotini. Kitandani miguu ikatokeza nje. Otilia alikuwa akimtazama amelala, akimwogopa Mungu kwa furaha. Hata siku moja, mbele ya kijiji kizima, mkono ukapita juu ya kichwa, ukalishika sikio. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanaume walivua kofia kama wako kanisani.

Kisha wazee wakakumbusha mila: mtoto aliyechelewa hivyo ni wa yule aliyemkuza. Huyo humpa jina, na huenda naye nyumbani kwake mpaka aolewe. Uchungu wa kuzaa hauhesabiwi.

Desideria akasema, "Bila shingo yangu hii, mngezipata wapi? Na nyumba yangu haijawahi kusikia mtoto akicheka."

Bibi Kolumba akasema, "Wewe ulitoa shingo, mimi nilitoa roho. Bila mimi zingekuwa jalalani. Na mimi nani ananitekea maji?"

Otilia akatafuta la kusema, akakuta hana ila kosa lake.

"Mimi nilizisahau," akasema. "Ningezikumbuka, tungezila siku ileile, na mwanangu angekuwa Kadogo hadi leo."

Mtoto amesimama katikati ya nyumba tatu, mrefu, hana jina, hajui alale wapi usiku huo. Nanyi mmekula mkashiba, msinikodolee macho. Aliyebeba, aliyesahau, aliyeonja: je, nani alistahili kumpa jina?