Kwale na Nyati wa Mbuga ya Mapembe

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa wapi?
— Bondeni!
Bonde lipi?
— Lililopiganiwa!

Basi hapo kale, katika Mbuga ya Mapembe, nyati na simba walipigana vita vikubwa, vumbi likafunika jua. Nyati wakashinda. Kisha walioshinda wakafa, wajukuu wakabaki na majigambo.

Mjukuu mmoja, dume la shingo nene, alilala kando ya dimbwi. Kiangazi kilikuwa kimekausha mbuga nzima, limebaki dimbwi hilo tu.

Akaja Swala.
"Babu yangu alishinda hapa! Maji yangu!"
Swala akarudi.

Akaja Ngiri.
"Babu yangu alishinda hapa! Maji yangu!"
Ngiri akarudi.

Akaja Kwale, ndege wa nyasini, vifaranga nyuma yake, midomo wazi kwa kiu.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Babu yangu alishinda hapa! Maji yangu!"

Kwale hakurudi. Aliwaficha wanawe nyasini, akajiambia, "Leo hawa watakunywa."

"Mzee, wanasema babu yako alipigana huku pembeni, penye ardhi ngumu. Kule katikati aliogopa."

Nyati akainuka, puani fuu! "Muongo nani? Alisimama katikati kabisa!"

Kule katikati ya bonde, ng'ambo ya dimbwi, tope lilikuwa limekauka juu tu, kama ukoko wa ugali. Kwale akapita juu yake, ti-ti-ti-ti.
"Hapa?"
"Mbele!"
Ti-ti-ti-ti. "Hapa?"
"Mbele zaidi, mjinga wewe!"
"Sipaoni, mzee. Njoo unionyeshe."

Nyati akaja. Di! Di! Di! Ukoko ukalia kwacha! Pwaaa! Akazama hadi tumboni.

Vifaranga wakatoka mbio, wakanywa.

"Kwale! Niitie Tembo anivute!"
"Nitamwita. Maji ya nani?"
"Yangu!"
Bloko! Tope likafika mbavuni.
"Maji ya nani?"
"Yangu... na yako kidogo."
Bloko! Likafika shingoni.
"Maji ya nani?"
"Ya wote! Ya wote, mama!"

Tembo akaitwa, akamvuta. Nyati akatoka mweusi tii, akaenda kusimama nyuma ya Ngiri, akingoja zamu yake.

Ngano yangu imefika kisimani. Aliyekunywa ampishe mwenzake.

Na funzo, wanangu: msibishane na wakubwa juu ya vita vya babu zao. Kwale alibisha, na oneni yaliyompata: mpaka leo hana dimbwi lake mwenyewe, anakunywa na kila mtu.